Muziki tulivu wa usiku wa manane: Kwa nini redio za milimani Usambara zinauhitaji

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

INAPOTIMU saa sita usiku, sehemu kubwa ya mji wa Lushoto huwa imekwisha kulala. Maduka yamefungwa, ukungu umeteremka kutoka msitu wa Magamba, na baridi ya mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari imewafukuza watu barabarani.

Hata hivyo, si wote waliolala. Wauguzi wa zamu wako wodini. Walinzi wamejifunika makoti mbele ya maduka. Wapakiaji wanajaza kabichi, karoti na viazi kwenye malori yatakayoshuka kona za Soni hadi Mombo, kisha kushika barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Wazee ambao usingizi umewapaa wanageuka kitandani wakisubiri alfajiri.

Wengi wa watu hao wana redio karibu nao. Kinachotoka humo, mara nyingi, ni kile kile kilichopigwa saa nane mchana: nyimbo za ngoma nzito, vibwagizo vya kituo na matangazo ya biashara yaliyorekodiwa kwa sauti ya juu. Vituo vingi vya FM hukabidhi saa hizo kwa kompyuta, nayo hurudia orodha ya mchana bila kujali kwamba anayesikiliza sasa ni mtu mwingine, mwenye hali nyingine.

Wakati hali ikiwa hivyo, upo muziki uliotungwa kwa kuzingatia saa kama hizo. Ni muziki wa polepole, mara nyingi usio na maneno, usiomlazimisha msikilizaji kucheza wala kuimba. Baadhi yake umetungwa na watu wa Afrika Mashariki wenyewe, lakini katika redio za eneo hili hausikiki sana.

Muziki wenyewe ni upi

Muziki huo una matawi mawili makubwa. La kwanza ni lile linalofahamika duniani kwa jina la ambienti, yaani muziki unaojenga hali ya mahali kama vile mwanga wa taa unavyojenga hali ya chumba. La pili ni klasiki ya kisasa, yaani kazi za watunzi wa zama hizi wanaoandikia piano, fidla, kwaya na ala nyinginezo, na ambao wengi wao wamechagua sauti chache na nafasi pana kati ya sauti moja na nyingine.

Wazo la muziki wa kukaa pembeni si geni. Mwaka 1917 mtunzi wa Kifaransa Erik Satie alianza kuandika vipande alivyoviita muziki wa samani. Alikusudia viwepo chumbani kama viti na meza, bila kumtaka mtu aache shughuli zake.

Mwingereza Brian Eno ndiye aliyelipa tawi la ambienti jina lake. Mwaka 1975 alikuwa kitandani akiuguza majeraha baada ya kugongwa na gari. Rafiki yake alimletea santuri ya kinubi. Baada ya mgeni kuondoka, Eno aligundua kwamba sauti ilikuwa chini mno na spika moja haifanyi kazi, naye hakuwa na nguvu ya kuinuka kuirekebisha. Alilala akisikiliza kinubi kikichanganyika na mvua iliyokuwa ikinyesha nje, kikisikika na kupotea. Kutokana na tukio hilo alitoa albamu ya Discreet Music mwaka huo huo, na mwaka 1978 akatoa Music for Airports, iliyotungwa kwa ajili ya kumbi za viwanja vya ndege. Msimamo wake ulikuwa kwamba muziki wa namna hii unapaswa kumridhisha anayeusikiliza kwa makini na pia asiyeusikiliza kabisa.

Kwa upande wa klasiki ya kisasa, jina lisiloepukika ni la Arvo Pärt wa Estonia. Mwaka 1976, kwa kipande kifupi cha piano kiitwacho Für Alina, alianza mtindo alioupa jina linalotokana na mlio wa kengele ndogo. Katika mtindo huo sauti moja hutembea hatua kwa hatua, huku nyingine ikiisindikiza kama mwangwi wa kengele usiotaka kuisha.

Kwa nini usiku, na kwa nini redio

Mchana sikio lina kazi nyingi. Injini, soko na mazungumzo hufunika kila sauti ndogo, hivyo kituo hulazimika kupaza sauti ili kisikike. Usiku hali hugeuka. Kelele za nje hushuka, na sauti ambayo mchana isingesikika hujaza chumba kizima. Muziki wenye sauti za chini sana hupata nafasi wakati huo pekee.

Redio nayo ina sifa ambayo kanda, santuri na simu hazina: msikilizaji hachagui kinachofuata. Mtu anayetafuta usingizi, au muuguzi ambaye mikono yake ina kazi, hahitaji kufanya uamuzi kila baada ya dakika nne. Isitoshe, anajua kwamba mahali fulani yupo mtu mwingine aliye macho anayesikiliza kitu hicho hicho. Kwa mkulima wa kijijini, redio ya betri haimdai kifurushi cha intaneti.

Nchi nyingine zimeijaribu njia hii kwa miaka mingi. Huko California, Marekani, kipindi cha Hearts of Space kilianza mwaka 1973 katika kituo cha KPFA, na mwaka 1983 kikaanza kusambazwa kwa vituo vya nchi nzima. Kilijengwa juu ya muziki wa polepole uliounganishwa bila kukatizwa.

Mfano mkubwa zaidi ni ule wa BBC Radio 3 ya Uingereza. Usiku wa kuamkia Septemba 27, 2015, kituo hicho kilirusha moja kwa moja kutoka London kazi ya mtunzi Max Richter iitwayo Sleep, kuanzia saa sita usiku hadi saa mbili asubuhi. Kazi hiyo ya saa nane ilitungwa ili isikilizwe na watu waliolala, na Richter alishauriana na mtaalamu wa ubongo, David Eagleman, alipokuwa akiiandaa. Waliohudhuria ukumbini walipewa vitanda badala ya viti.

Ieleweke kwamba muziki huu si dawa, na redio haichukui nafasi ya daktari kwa mtu mwenye tatizo la kukosa usingizi. Unachofanya ni kidogo zaidi, nacho kina thamani yake: haumsumbui aliyelala, na humliwaza aliye macho.

Si muziki wa Wazungu pekee

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya ughaibuni yasiyomhusu mtu wa Lushoto. Historia ya muziki wa eneo hili haiungi mkono hoja hiyo.

Hukwe Zawose, bingwa wa muziki wa Wagogo wa Dodoma aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alijulikana duniani kwa ilimba, zeze na sauti yake iliyoweza kupanda na kushuka kwa namna ya ajabu. Mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alitoa albamu ya Assembly pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, ambaye aliwahi kufanya kazi na Brian Eno. Kwa maneno mengine, Mgogo na mtu wa kundi la waasisi wa ambienti walikutana, na ilimba haikuonekana mgeni hata kidogo. Milio yake inayojirudia na kubadilika polepole tayari ilikuwa na sifa ambazo watunzi wa Ulaya walikuwa wakizitafuta.

Nchini Uganda, mtunzi Justinian Tamusuza aliandika kazi ya fidla mbili, viola na selo iliyojengwa juu ya mapigo ya muziki wa Kiganda. Kundi la Kronos Quartet la Marekani liliirekodi sehemu yake ya kwanza katika albamu ya Pieces of Africa mwaka 1992. Katika albamu hiyo hiyo imo Escalay ya Hamza El Din, Mnubi aliyeiga kwa udi mzunguko wa gurudumu la kuteka maji ya mto Nile. Kipande hicho huanza kama mtu anayesinzia, kisha huzunguka na kuzunguka bila haraka.

Zanzibar, kundi la Nadi Ikhwan Safaa, lililoanzishwa mwaka 1905, limelea taarabu ambayo ndani yake kuna bashrafu, yaani vipande vya ala tupu vinavyopigwa kwa fidla, kanuni, udi na filimbi. Bashrafu haina mashairi, haina mafumbo ya kumchoma mtu, na haihitaji tuzo. Ni muziki wa klasiki wa Waswahili ambao umekuwapo muda wote.

Kizazi cha sasa nacho kimo. Joseph Kamaru wa Nairobi, ajulikanaye kama KMRU, ni mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu mwenye jina hilo hilo aliyefariki mwaka 2018. Mwaka 2020 alitoa albamu ya Peel, iliyotengenezwa kwa sauti za mazingira alizozirekodi na kuzichanganya na milio ya elektroniki. Mwaka 2022 akatoa Temporary Stored, akitumia sauti zilizorekodiwa Afrika na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na hivyo kuibua swali la nani mwenye haki ya sauti hizo. Mwaka huo huo Mkenya mwenzake, Nyokabi Kariũki, alitoa kazi iliyojengwa kwa kumbukumbu za mahali alipokulia, zikiwemo sauti halisi za nyumbani kwao.

Masikio ya Usambara yamezoea

Kwa wakazi wa Usambara hoja iko karibu zaidi. Wamisionari Wakilutheri wa Kijerumani, wa chama kilichokuja kufahamika kama Misheni ya Bethel, walifika Mlalo mwaka 1891. Bethel yenyewe, karibu na mji wa Bielefeld, ilikuwa kitovu cha bendi za tarumbeta za kanisa. Hadi leo tarumbeta husikika katika ibada na maziko ya Walutheri wa milima hii. Tenzi zinazopigwa na sauti nne za shaba, kwa pumzi ndefu, zikigonga mteremko mmoja na kurudi kutoka mteremko wa pili, haziko mbali na anachokitafuta Arvo Pärt katika kengele zake.

Waislamu wa milima hii nao wana kasida, na dhikri zinazojirudia kwa mwendo wa pumzi. Kurudia bila kuchoka, jambo ambalo mgeni wa ambienti hulilalamikia kwanza, ni jambo ambalo mtu aliyekaa katika halaka ya dhikri analielewa bila kufundishwa.

Kisha kuna usiku wenyewe. Katika misitu ya milima hii yupo perere, mnyama mdogo apandaye miti, ambaye mlio wake huanza kwa kukwaruza na kuishia kama kilio. Wapo vyura wa mabondeni, bundi, na mvua juu ya mabati. Rekodi ya dakika kumi ya sauti hizo, ikiachwa ipite polepole chini ya ilimba au fidla, ingekuwa ambienti halali ambayo London haiwezi kuitengeneza.

Lipo pia jambo la matanga. Katika nyumba nyingi zenye msiba redio huzimwa kwa kuwa hakuna kinachofaa kupigwa zaidi ya tenzi au kisomo. Kipindi tulivu kingeweza kuwa cha kwanza ambacho nyumba ya namna hiyo haioni haja ya kukizima.

Mlima unavyoiathiri sauti

Kuurusha muziki huu katika milima kuna ugumu wake wa kiufundi. Matangazo ya FM, yanayotumia masafa ya megahezi 88 hadi 108, husafiri kwa mstari karibu ulionyooka. Mtambo uliowekwa juu ya kilele husikika mbali sana mahali penye uwazi. Kwa mfano, Mtae, iliyo ukingoni mwa milima, ina uwazi mkubwa kuelekea Mkomazi na Kenya. Lakini kijiji kilicho nyuma ya mgongo wa mlima, kilomita chache tu kutoka kwenye mtambo, kinaweza kupata mkwaruzo mtupu.

Mkwaruzo huo hauonekani sana katika wimbo wa kelele, kwa sababu ngoma huufunika. Katika muziki tulivu huwa ndiyo sauti kubwa kuliko zote. Kimsingi, tatizo hili lina nafuu ambayo mafundi mitambo wanaijua: matangazo ya sterio yanapopokewa kwa udhaifu huongeza mkwaruzo kwa takriban desibeli 20 kuliko ya mono. Kituo kinachorusha mono saa za usiku hupoteza upana wa sauti kidogo, lakini huvipa vijiji vya mabondeni muziki unaosikika. Msikilizaji mwenye redio yenye kitufe cha mono anaweza kufanya hivyo mwenyewe.

Masafa ya kati yana tabia tofauti. Mchana, tabaka la chini la ionosfia, lililoko kati ya kilomita 60 na 90 juu ya ardhi, hunyonya mawimbi hayo yanapopanda angani. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na mawimbi huakisiwa na matabaka ya juu zaidi hadi kuanguka mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndiyo maana wazee waliokuwa na redio za mbao walikamata stesheni za mbali usiku tu. Ubaya ni kwamba sauti ya namna hiyo hupanda na kushuka, hali inayovumilika katika taarifa ya habari lakini huuharibu muziki wa polepole.

Vizingiti viwili vingine vimo ndani ya studio. Cha kwanza ni kifaa cha kusawazisha sauti, ambacho huinua kilicho chini na kubana kilicho juu ili kituo kisikike sokoni na ndani ya daladala. Muziki wa kimya ukipita humo, kifaa huvuta juu hata pumzi ya mpigaji na mvumo wa mashine. Usiku kinapaswa kulegezwa.

Cha pili ni kitambua ukimya. Vituo vingi vina mtambo unaodhani kwamba matangazo yamekatika iwapo sauti itashuka mno kwa sekunde kadhaa, kisha huanzisha wenyewe muziki wa akiba. Januari 2004, BBC Radio 3 ilipotaka kurusha kazi ya Mmarekani John Cage ya mwaka 1952, ambayo wapigaji hukaa kimya kwa dakika 4 na sekunde 33, ililazimika kuuzima kwanza mfumo wa namna hiyo. Kituo cha milimani kitakachosahau hatua hiyo kinaweza kumkatiza Pärt kwa wimbo wa sherehe.

Nini kinaweza kufanyika

Ikumbukwe kwamba usiku wa redio haukuwa hivi siku zote. Enzi ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC Taifa, matangazo yalifungwa usiku na hewa ikabaki kimya. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi, na baadaye matangazo ya saa 24 yakawa jambo la kawaida. Saa zilizopatikana zilikuwa nyingi kuliko mawazo ya namna ya kuzitumia.

Kuanza hakuhitaji usiku mzima. Saa moja, kuanzia saa sita hadi saa saba, inatosha kwa kipimo: bashrafu ya Zanzibar, ilimba ya Zawose, fidla za Tamusuza, dakika chache za KMRU, tenzi ya tarumbeta iliyorekodiwa Mlalo, na mwisho mvua ya Magamba. Mtangazaji aseme kwa sauti ya chini, mwanzoni na mwishoni tu, akitaja majina ya kazi na watunzi.

Gharama zipo na hazipaswi kufichwa. Kazi zenye wenyewe zinapaswa kulipiwa mirabaha chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Rekodi za tarumbeta na kasida zinahitaji ridhaa ya wanaopiga na kuimba, pamoja na malipo yao. Fundi anahitajika kubadili mipangilio ya mitambo kila usiku na kuirejesha kabla ya alfajiri.

Pingamizi kubwa litakuwa la matangazo ya biashara, kwamba hakuna mfanyabiashara atakayenunua saa ya watu waliolala. Lakini saa hiyo haina wanunuzi wengi hata sasa inaporudia nyimbo za mchana. Kituo kitakachoithubutu kitapoteza kidogo, na kinaweza kupata wasikilizaji ambao mpaka sasa hakuna aliyewahesabu: mlinzi, muuguzi, mfiwa, mzee asiyepata usingizi, na dereva anayesubiri lori lijae kabla ya kuteremka Mombo.